Vikombe vya Bati

Kwa miaka saba Namalwa hakumpa mtu kinywaji kwa mkono wake. Nalijua hilo kwa sababu tunakaa ukuta mmoja hapa kambini, kwenye shamba la mkonge nje kidogo ya Voi. Mgeni akija kwake, chai ilimiminwa na mumewe Khaemba, mtu wa mashine ya mkonge, huku yeye amekalia mikono yake kama mtoto aliyekatazwa. Kanisani alijichagulia kazi ya kuosha vyombo. Kuosha aliosha, kumimina hapana.

Zamani aliuza chang'aa, tena alikuwa hodari. Wakata mkonge wakitoka shambani saa kumi walipitia kwake kabla ya kufika kwa wake zao. Mteja wake mkubwa alikuwa Maundu, Mkamba mpole kutoka Marungu. Hakuwa mtu wa maneno. Akimaliza, aligonga kikombe cha bati kwa ukucha mara tatu, maana yake ongeza. Siku moja pombe haikutosha na watu wamejaa, Namalwa akaizidisha kwa spiriti aliyouziwa na mpita njia. Alijua si ya kunywa. Maundu alipogonga kikombe, akamwongezea. Wengine waliugua wakapona. Maundu aliamka akisema haoni, na kabla ya adhuhuri alikuwa amekufa, akamwacha mkewe Mwelu na watoto watatu.

Namalwa alifungwa miaka minne, akaokoka huko ndani. Tulidhani akitoka angeenda kwao Bungoma, akarudi hapa hapa. Siku ile ile aliyorudi, saa kumi, jua bado kali, alisikia ukucha ukigonga bati upande wa geti la kambi.

Khaemba alikusanya vikombe vyote vya bati nyumbani akavipeleka kanisani, akanunua vya plastiki. Haikusaidia. Kila siku, saa kumi, mara tatu. Kibaya zaidi, aliniambia, ni kwamba miguu yake iliinuka yenyewe. Akisikia tu, alisimama, na mkono ukaanza kutafuta jerikeni ambayo polisi waliichukua zamani.

"Nimeokoka," aliniambia, "lakini bado natumwa."

Nilikaa naye siku moja nisikilize. Sikusikia kitu, ila nilimwona akiinuka, na uso ule sitaki kuuona tena. Tangu hapo ikikaribia saa kumi mimi hufungulia redio. Naogopa, na sioni aibu kulisema.

Kanisa letu lina saa ya ushuhuda kila Jumapili, na aliyeokoka hatakiwi kuficha alikotolewa. Namalwa alisimama wa kwanza, Jumapili baada ya Jumapili, miaka saba. Alieleza yote: spiriti, kikombe, ukucha, macho ya Maundu yaliyozimika. Aliamini kwamba siku akinyamaza atakuwa amerudi gizani. Nasi tuliitikia amina. Tuseme ukweli, tuliupenda ule ushuhuda, hata wageni kutoka Mwatate tuliwaleta wausikie. Mwelu alikaa benchi la tatu karibu na dirisha, macho kwenye mkoba wake. Hakuna aliyewahi kumwuliza anajisikiaje. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kisha ikaja Jumapili moja ya mwezi wa sita, mchungaji wetu Musyimi akafundisha juu ya neema. Alisema dhambi ilikuwa nyapara wetu, na Kristo ametutoa kwenye shamba lake. Yule nyapara anaweza kusimama kwenye ua akaita jina lako siku nzima. Sauti anayo, amri hana. Tena hatukutolewa kwa sababu tulilia vya kutosha au tulitubu mara nyingi, tulitolewa bure. Namalwa alilia mpaka leso ikalowa. Lakini saa ya ushuhuda ilipofika, aliinuka vile vile, akaanza pale pale anapoanzaga.

"Nilikuwa muuza pombe. Kulikuwa na ndugu mmoja akiitwa Maundu..."

Mwelu akasimama. Hakuwahi kusema neno mbele ya kanisa.

"Mama Elly," alimwambia Namalwa, "mimi nilikusamehe ukiwa bado ndani. Nilimwambia Mungu, nikamaliza. Lakini kila Jumapili nakuja hapa kuomba, na wewe unamchukua mume wangu unamuua tena nikiangalia. Nimemzika mara ngapi? Mwache alale. Na wewe ulale."

Alikaa. Namalwa naye alikaa, sentensi yake ikiwa nusu. Mchungaji Musyimi, ambaye hakosi neno, alifungua Biblia akaifunga, akaomba kwa kifupi, tukatoka bila kuimba.

Nje chai ilikuwa tayari. Namalwa alikwenda moja kwa moja kwenye beseni lake, akainamia vyombo. Mimi ndiye niliyeshika birika. Mwelu alikuja na kikombe cha bati, akanipita kana kwamba sipo, akasimama mbele ya beseni.

"Nipe chai."

Namalwa hakuinua macho. "Kwa mkono huu?"

"Una mwingine?"

Nikampa Namalwa birika. Alimimina, nusu ikaingia kikombeni na nusu kwenye viatu vya Mwelu, na hakuna aliyecheka. Mwelu alikunywa pale pale amesimama, polepole, yote, akimwangalia.

Halafu, bila kufikiri, kama mtu aliyeishi na mumewe miaka kumi na sita na kuokota tabia zake, alikigonga kile kikombe kitupu kwa ukucha. Mara tatu.

Namalwa alishtuka, akageuza kichwa kuelekea geti la kambi, kule sauti ilikotokea siku zote. Hapakuwa na mtu. Akarudisha macho taratibu mpaka kwenye mkono wa Mwelu, akauangalia ule ukucha, mfupi, wenye udongo wa shamba, ukiwa hai. Safari hii miguu yake ilibaki pale ilipo.

"Nikuongezee?" aliuliza.

"Niongezee," Mwelu akasema.