Dosie ya Mume Wangu

Mume wangu, fundi cherehani wa Kamembe, alikamatwa asubuhi akirudi kutoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka, alikokwenda kununua vitambaa. Ilikuwa miaka ile ya vita vya Kongo, na kila aliyevuka mpaka wa Rusizi alitazamwa mara mbili. Askari wakamtia kasho, mahabusu ya tarafa tunayoiita komini, wakasema uchunguzi unaendelea. Uliendelea mwaka mzima na miezi miwili.

Kwetu mfungwa alilishwa na watu wake, kwa hiyo kila mchana nilipanda kilima na kikapu kichwani. Nami sijui kupika chakula kidogo. Ijumaa ilikuwa pilau, na walinzi wakipita karibu na sufuria niliona aibu kuwanyima. Basi nikawa nalisha kasho nzima. Walinzi wananenepa, wananiita Maman kwa mapenzi, na hakuna hata mmoja mwenye haraka ya kumtoa mume wangu. Mjinga alikuwa nani kama si mimi?

Siku moja redio ikaeleza sheria: serikali haina ruhusa ya kumweka mtu ndani mpaka itakapochoka. Lazima awe na dosie, faili la kesi yake, apelekwe mbele ya hakimu, na karatasi ya kumfunga ina siku zake. Zikiisha bila hakimu kuziongeza, aachiwe. Nilisikia hasira mpaka masikio yakawaka. Ijumaa ile nilimpa mume wangu sahani yake, kisha nikaushikilia mfuniko wa sufuria kwa mikono miwili.

"Leo munionyeshe dosie kwanza," nikawaambia walinzi.

"Maman, dosie iko kwa shefu."

"Basi shefu njo atawapa pilau."

Ijumaa ya tatu walinzi wenyewe walikuwa wakimsumbua shefu, mkuu wao, kuliko mimi. Akachoka, akamwita afisa wa parke, ofisi ya mashtaka. Afisa alipekua kabati lote. Akakuta dosie ya mbuzi aliyeibwa Mururu, akakuta na ya baiskeli ya Bugarama. Ya mume wangu haikuwepo.

"Huyu aende kwake," akasema. Nilipiga vigelegele pale pale.

Mume wangu akaketi chini. Hatoki bila karatasi ya kuachiwa, akasema, maana kesho askari mwingine akimkamata mpakani, atamwonyesha nini? Nilitamani kumpiga mwiko. Lakini alisema kweli, na afisa naye akakubali.

Karani wa kasho akaweka fomu ya kumwachia kwenye mashine ya taipu. Akagonga jina, akagonga kazi, akafika kwenye mstari wa kosa, vidole vikasimama. Akamtazama afisa. Afisa akamtazama mkuu wa kasho. Mkuu akatazama dirishani.

"Mzee," karani akauliza polepole, "balikukamata juu ya nini?"

"Miye?" mume wangu akajibu. "Njo nilikuwa nangojea muniambie."