Bwana Shefu Alitokea ku Dirisha

Bandugu, leo Bwana Shefu wetu alitoka mu biro yake na njia ya dirisha!

Muniache nieleze.

Munajua miye natumika ku labo, fasi ya kupima mazutu. Asubui, treni ya Bukama ilituletea machupa sita ya mazutu, ile mafuta ya kuwaka ya mashua. Tukisha kupima, tunayafunga na nta.

Ku ukuta Shefu alibandika sheria mbili.
Ya kwanza: moto isiingie mu labo.
Ya pili: nta iyayushwe na moto, ao mutumikaji anafukuzwa.

Nilimuuliza: "Bwana Shefu, nta nitaiyayusha wapi?"
"Fwata sheria, usiulize!"

Muzuri.

Moto inaruhusiwa fasi moja tu: mu biro yake, juu anavutaka kiko ya tumbako kutwa nzima.

Nilivaa gants ku mikono, vile anatufundishaka. Nikapanga machupa yote sita juu ya meza yake, polepole, hata tone haikumwangika. Nikatosha mushumaa ya kuyayusha nta.

"Bwana Shefu, naomba kiberiti."

Aliangalia machupa. Akaangalia kiko yake inatosha moshi.

Miye nilikuwa ku mulango. Dirisha ilikuwa nyuma yake.

Sauti yake ikatoka inje, mu maua chini ya dirisha: "Tosha ile vitu! Polepole!"

Sheria ya pili ilibanduliwa mbele ya saa sita. Kazi ningali nayo.

Hii karatasi nabandika ku ukuta ya serkle yetu, fasi tunakunywaka kisha kazi. Ule anacheka, aandike jina chini.

Na ule atanisemea kwa Shefu, amuambie kiko yake aliiangusha wakati aliruka. Niliizima na maji. Iko ku labo, mu chupa ya saba, na etiketi.

Inakosa tu nta.