Sauti ya Kujaribia Maiki

Mume wangu anapiga video za harusi, komunio na misiba. Binti yetu alipokuwa hai, yeye ndiye aliyekuwa wa kujaribu maiki. Ilianza kama mchezo. Baba yake anamfungia kile kimaiki kidogo kwenye kola, anakwenda kusimama mbali na hedifoni masikioni, na mtoto anasema, "Moja, mbili, moja, mbili. Baba, nasikika?" Baba akinyanyua dole gumba, kazi inaanza. Akichelewa, anaulizwa tena kwa ukali, maana mtoto alirithi mdomo wangu. Wikiendi na likizo tulikwenda naye kila kwenye shughuli, akala pilau za watu wilaya nzima.

Alikuwa na selimundu. Tulijua tangu akiwa mdogo, tukazoea hospitali kama wenzetu wanavyozoea sokoni, na mazoea yale yakatudanganya. Alifariki akiwa darasa la tano. Tukamzika nyumbani Kilimanjaro, kwenye kihamba cha babu yake, shamba la ukoo, kati ya migomba.

Msiba ulipokwisha na watu kutawanyika, mume wangu akaanza kukusanya kila kitu chenye sauti ya mtoto. Akapekua simu yangu, simu yake, kadi za kamera, na yale majaribio yote ya maiki ambayo kwa kawaida huwa ni takataka. Akaviweka kwenye diski yake ya kazi, hizi ndogo zinazoenea kiganjani, pamoja na harusi za wateja. Kisha akatengeneza nakala kwenye diski ya pili. Simu zilikuwa zimejaa, akazisafisha. Alisema simu zinaibiwa, simu zinaanguka chooni, hapa kwenye diski mtoto yuko salama.

Mimi sikusikiliza hata kipande kimoja. Wapo watu wanaosema kusikiliza kunafariji, na wengine walikuja kuniambia hivyo sebuleni kwangu huku wakinywa chai yangu. Nilikuwa naogopa. Nilitaka tu kujua kwamba sauti yake ipo, na kwamba siku nitakayoweza nitafunga mlango, nitakaa, nitaisikia. Niliishi kwa kuisubiri siku hiyo. Nilikuwa napika, nafua, naenda misa, na yote hayo niliyaweza kwa sababu ile sauti ipo.

Baadaye tukaitwa kwenye semina ya wajasiriamali wadogo, mimi na mume wangu, pamoja na wenye saluni, wauza vifaa vya ujenzi na mama mmoja wa keki. Mwezeshaji alikuwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi hadi kwenye mikono. Akatufundisha kujiandaa kwa majanga: moto ukitokea utafanyaje, mafuriko je, ukiugua wewe mwenyewe nani atafungua duka. Akatuuliza ni kitu gani ukikipoteza kazi yako inasimama. Mume wangu akajibu kamera, kompyuta, kazi za wateja. Kijana akaandika ubaoni. Akasema nakala mbili zisilale chini ya paa moja hata siku moja.

Mume wangu alilishika lile neno kama katekisimu. Studio yetu iko Levolosi, hapa Arusha, na tunaishi Kijenge, kwa hiyo diski ya pili ikahamia kabatini kwetu, chini ya mashuka. Ijumaa anaibeba kwenda studio kuongeza kazi mpya, jioni anarudi nayo. Hata mvua inyeshe namna gani, anarudi nayo ndani ya shati. Ulikuwa mpango mzuri, na sitaki mtu aniambie haukuwa mzuri.

Sasa, yule kijana hakutuuliza habari za Desemba. Sisi Wachaga Desemba tunakwenda nyumbani. Huulizwi kama utakwenda, unaulizwa unaondoka lini. Mitaa mingine ya Kijenge inabaki na mbwa tu na wezi, na wezi wanaijua kalenda yetu kuliko padri. Kila Januari kuna mtu anarudi anakuta dirisha limeng'olewa na televisheni haipo. Mume wangu akalifikiria hilo. Nyumba itakuwa tupu, lakini studio ina geti la nondo na pale nje kuna mlinzi. Akaitoa diski kabatini, akaipeleka Levolosi, akaifungia kwenye droo na mwenzake.

Kamera tulizibeba, kwa sababu Krismasi ndiyo msimu wa harusi huko nyumbani. Najua unachotaka kuuliza. Na mimi nilimuuliza, mara moja tu, kwa nini hakubeba na diski. Alisema barabara ile mwezi ule ina ajali nyingi, na hakutaka kumweka mtoto barabarani.

Siku ya pili ya Krismasi tulikuwa tunakula pale uani kwa mama mkwe, simu ikaita. Mlinzi. Moto ulikuwa umeanzia saluni ya jirani, shoti ya umeme, na mwenye saluni naye yuko kwao Machame. Mwenye duka la nguo upande wa pili naye yuko kwao. Safu nzima ya maduka imefungwa kwa makufuli ya watu ambao siku hiyo wako mlimani wanakula nyama. Watu walikuwepo, ndoo za maji zilikuwepo, hakuna aliyekuwa na ufunguo. Nikamwona mume wangu anaingiza mkono mfukoni, anatoa funguo za studio, anaziweka mezani kando ya sahani. Mama mkwe akadhani amekwenda kuongeza chakula alipoinuka. Alikwenda nyuma ya migomba, na mimi nilijua anakwenda wapi.

Tulifika Arusha jioni ile. Mlinzi, mzee wa Kiarusha ambaye binti yetu alimwamkia shikamoo kila akipita na kumwibia mahindi yake ya kuchoma, alikuwa amefungwa vitambaa mikono yote miwili. Akaniambia, "Pole, mama yangu. Nilivuta hizo nondo, zikakataa." Geti tulilolipenda lilikuwa limesimama vilevile, zima kabisa, na nyuma yake hakuna studio. Diski tulizikuta siku ya pili yake. Zilikuwa zimeyeyuka zikashikana, huwezi kujua ipi ni nakala ya ipi. Mume wangu akazipeleka kwa mafundi, akawapigia na wengine wa Dar. Wote walisema pole.

Biashara ilirudi. Nalisema kwa uchungu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kamera zilikuwepo, bima ikalipa kompyuta, tukapata chumba kingine karibu na stendi ndogo, harusi za baada ya Pasaka tukazipiga kama kawaida. Yule kijana wa semina akatualika tukatoe ushuhuda. Mume wangu akasimama akaeleza funguo za akiba zikae kwa nani na Desemba nakala zilale wapi, watu wakaandika, wakapiga makofi. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Walikuwa wanashangilia biashara, na mimi nilikuwa nimefiwa mara ya pili na hakuna aliyeleta hata sufuria ya chai.

Tuliwaomba wateja wa zamani watuazime video zao, tupate sampuli za kuonyesha watu. Hiyo ndiyo sababu tuliyowaambia. Kila video iliyoletwa mume wangu aliitazama mwanzo hadi mwisho, hata misiba. Mtoto alionekana mara mbili tatu: mgongo wake, gauni lake la njano likipita nyuma ya maharusi. Hasemi kitu.

Kisha akaja dada mmoja wa Kisongo tuliyempigia harusi yake. Akaingia na mtoto mgongoni, akasema, "Shikamoo mama, poleni sana," akanipa flashi. Akasema, "Binti yenu yumo humu, mwanzoni kabisa. Ndiyo maana nimeileta mwenyewe." Nikaitikia marahaba, nikafunga mlango wa studio. Mume wangu akaichomeka.

Alikuwepo kweli. Uso mzima, karibu, kimaiki kwenye kola, nyuma yake watu wanafunga turubai. Midomo inacheza. Na juu yake ulikuwa unapigwa muziki.

Mume wangu ndivyo anavyofanya kazi. Wateja hawataki kelele za maandalizi, kwa hiyo dakika zote za mwanzo anafuta sauti na kuweka muziki. Aliuchuja muziki kwa kompyuta, tukabaki na kimya. Akafungua hiki na kile kwenye kompyuta, akatafuta kama chini yake kumebaki chochote. Hakukuwa na kitu. Alikuwa ameifuta mwenyewe, akiwa mzima, mtoto wake akiwa mzima, akitafuta riziki. Akaweka mikono kichwani, akalia kama watu wanavyolia msibani, kwa sauti.

Nikarudisha nyuma mimi. Moja, mbili, moja, mbili. Baba, nasikika? Naisoma midomo yake vizuri tu. Siku ile baba yake alichelewa kumjibu, kwa sababu anakunja uso, anasogea mbele, na anauliza tena kwa ukali ule ule aliourithi kwangu. Nikamnyanyulia dole gumba.