Wivu ulivyoniuzia gari langu la Kimarekani hapa Brussels

Wakuu, habari za humu.

Mimi ni msomaji wa kimya kwa muda mrefu, leo nimeona nilitoe hili moyoni. Sipambi chochote. Mkinicheka nimekubali, maana nastahili.

Niko Brussels mwaka wa tisa sasa, pande za Anderlecht. Kwetu Tanga.

Mwaka wangu wa pili hapa nilinunua gari la Kimarekani la miaka ya sitini kutoka kwa bibi mmoja wa Kibelgiji aliyefiwa na mumewe. Brand sitaji, yako machache mjini, wanaonijua watajua ni mimi.

Coupe ya milango miwili, kijani mpauko, rangi ya kiwandani. Injini ile ile, viti vile vile, radio ya kuzungusha kwa vidole. Nilichobadilisha ni matairi, mabomba ya breki na exhaust, basi.

Kitu kimoja tu kilipungua: wheel cap, kile kifuniko cha gurudumu, ya nyuma kushoto. Nililikuta hivyo, nikaitafuta mpaka nikakata tamaa. Ikumbukeni hiyo wheel cap.

Sasa kwenye parking ya chini ya jengo letu, jirani yangu ni mzee mmoja wa Bukavu, Kongo, tumwite Papa Bahati. Kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani, ila ujanani aliendesha malori kwenye milima ya Kivu.

Asubuhi za baridi gari lilikuwa linanigomea. Mke wangu, Mungu amsamehe, akasema, "Si umwite Papa Bahati alisikilize?"

Mzee akaja, akafungua bonnet, akatega sikio, akazungusha kitu kidogo pale kwenye carburetor. Likawaka.

Hapo ndipo wivu ulipoanzia. Nasema wivu kwa sababu ndilo jina lake, sitafuti neno la heshima.

Mimi nalisugua, nalifunika shuka, nalinunulia mafuta ya bei mbaya. Nikiliwasha linakohoa. Yeye akigusa ufunguo linaitika. Watu wakipita wanampa yeye hongera, na mimi nimesimama pembeni na ndoo.

Ikafika mahali mke wangu akisikia limewaka vizuri anauliza, "Papa Bahati kaja?"

Wakuu, ndani ya nyumba yangu mwenyewe!

Halafu kulikuwa na jambo lingine. Huyu mzee alikuwa anauza kila kitu. Unakutana naye kwenye lift anakwambia, "Nimetoka kuuza mikate." Kesho yake, "Nimeuza viatu ya batoto." Siku moja kaniambia kwa furaha kabisa kwamba ameuza frigo, yaani friji.

Nikamwambia mke wangu, huyu ni dalali, kwake sasa lazima zimebaki kuta. Siku akiishiwa vyake atahamia kwa majirani.

Tuendelee.

Mwaka huu mwenye jengo akatuandikia barua, parking ya chini inafungwa. Slot nyingine ya ndani sikupata, na kuliacha gari lile linyeshewe barabarani sikuweza hata kufikiria. Nikaamua kuliuza, kwa sharti moja moyoni mwangu: atakayelichukua aliache lilivyo. Lilinusurika miaka yote hiyo, mimi nisiwe wa kulipeleka kwenye kuharibiwa.

Nikabandika tangazo kwenye lift na mtandaoni. Papa Bahati akalisoma, hakusema neno. Alishuka chini, akalipapasa bonnet, akaondoka. Ule ukimya wake ulinikera kuliko hata angeomba discount.

Jumatano moja mchana nashuka ngazi za parking, nasikia sauti yake. Alikuwa ndani ya van yake, mlango wazi, anaongea na simu.

"Yaya, samedi ukuje, usikose. Ile gari ya Mutanzania niko naiuza. Enjoliveur yake moja nilishaiuza dimanche pale Midi. Mais asijue kwanza, nitamuambia siku ile ile."

Yaya kwao ni kaka mkubwa, hilo nilishajifunza. Siku za mwanzo nilidhani mzee ana mfanyakazi wa ndani anayempigia simu kutwa. Enjoliveur ndiyo wheel cap kwa Kifaransa, samedi ni Jumamosi, dimanche Jumapili. Na Midi ni pale station, kwenye soko la Jumapili, unapata mpaka vyuma vya magari.

Sasa unganisheni wenyewe. Analiuza gari langu. Wheel cap moja ameshaiuza. Na nisijue kwanza.

Nilisubiri aondoke, nikaenda kuzihesabu. Tatu.

Wakuu, zilikuwa tatu tangu siku ya kwanza! Picha ninazo kwenye simu. Lakini siku ile nilisimama pale nikijiuliza kama kweli hazikuwa nne.

Nilipaswa kumfuata nimuulize, ni jirani, anakaa floor ya pili. Sikwenda. Nilikuwa natafuta kosa lake siku nyingi, na sasa nimelipata sikutaka mtu aniharibie.

Palepale nikampigia kijana mmoja wa Flanders aliyekuwa ameniandikia mtandaoni. Alhamisi akaja. Alipiga picha, akazunguka mara mbili, akasema kwa Kiingereza, "It's a good base." Nikadhani ananisifia.

Hakuomba hata kusikia injini. Hilo peke yake lingetosha kunishtua, maana mtu gani ananunua gari la hivyo bila kulisikia? Mimi nilikuwa nawaza uso wa Papa Bahati akikuta slot tupu.

Akalipa, nikampa funguo zote mbili, akaondoka nalo. Nilifurahi, sitawaficha. Nilifurahi si kwa kuuza, nilifurahi kwamba yeye hatalipata.

Jumamosi saa tano asubuhi kengele ikalia.

Papa Bahati, kavaa suti, katoka zamu ya siku mbili kwa wazee wake na parking hajashuka bado. Pembeni yake mzee mwingine mwenye kofia, ndiye yule yaya, katoka Liège. Nyuma mama watoto wake na sufuria imefungwa kitambaa. Mzee kashika kitu cha duara kimeviringishwa gazeti.

Wakakaa. Nikaona nianze mimi, kwa jeuri kabisa. Nikamwambia, "Papa Bahati, umechelewa. Gari nimeshauza."

Akatabasamu mpaka macho yakafumba.

"Uliuza ingine? Ah, félicitations, hongera! Donc hii ya zamani unaniuzishia bei gani?"

Nikamtazama. Yaya akadakia, "Ndiyo, mudogo yangu anataka kuuza ile gari yako. Kwetu kitu muntu anapenda, hauendi kumuomba weye peke yako. Njo maana nimekuja."

Wakuu, nikaanza kurudia kichwani mazungumzo yote ya kwenye lift.

Kumbe kwao kuuza ni kununua. Tunachoita sisi kuuza, wao ni kuuzisha. Mikate alinunua. Viatu alinunua. Frigo alinunua, ndiyo maana alifurahi.

Akafungua lile gazeti. Wheel cap. Ya gari lile kabisa, alama ile ile ya katikati, imesuguliwa inang'aa.

"Nilitafuta ile kitu miezi mingi," akasema. "Nilisema siwezi kuuza gari ya muntu bila kuirudishia kiatu yake."

Alikuwa ameshapata nafasi ya kuliegesha kwenye hangar ya shemeji yake. Na alitaka funguo zigawanywe, moja ibaki kwangu, niwe nalitoa Jumapili nikitaka.

Mke wangu ndiye aliyewaambia ukweli, kwamba gari lenyewe limeshaondoka. Papa Bahati akalikunja lile gazeti polepole. Kisha akasema, "Bon," yaani haya, basi. Ile sufuria waliiacha, tukala mimi na mke wangu. Kwa nini niliharakisha sijamwambia mpaka leo, nadhani anajua.

Mwezi uliopita nililiona gari pale karibu na Gare du Midi. Jeusi lisilong'aa, rim za kisasa, viti vyekundu, injini nyingine kabisa. Hapo ndipo nikaelewa base maana yake ni pa kuanzia kubomoa. Lilipita mbele yangu, nisingeona vioo vya pembeni nisingelijua.

Nilichojifunza: nisingekuwa na wivu ningeuliza. Neno lingenipiga chenga dakika moja, angenieleza, tungecheka. Neno halikuniuzia gari, niliuza mwenyewe kwa roho mbaya.

Karibuni mnipige mawe. Na mlioishi na Wakongo, hili mlilijua? Mbona mlininyamazia?

Wheel cap alikataa kuondoka nayo, iko hapa jikoni ukutani.

Jana nimekutana naye kwenye lift na mfuko wake. Akaniangalia, akasema polepole, kwa Kiswahili cha kwetu, kama mtu anayemsemesha mgonjwa:

"Nimenunua mikate."