Usiku wa Saa Nne Asubuhi

Juzi nilikuwa kwenye zahanati moja ya Nyamirambo, mtaa wa Kigali, jino likiniuma. Mbele yangu bibi mmoja alimpakata mjukuu wake aliyepasuka goti. Kila mara muuguzi aliposogeza sindano ya kushona, mtoto alirusha teke.

"Bibi, nisimulie kwanza!"

"Hapana. Hadithi iko ya usiku. Nikisimulia mchana, nitageuka mjusi."

Wenyeji hapa wamelelewa na mwiko huo, kwa hiyo hakuna aliyecheka. Muuguzi akamsihi: "Mukecuru, bibi yetu, tusaidie."

Bibi akafikiri, akavua kitenge cha mabegani, akajifunika nacho yeye na mtoto gubigubi. "Haya, usiku umeingia."

Sauti ikaanza humo ndani: fisi alikwenda kuposa. Goti, lililobaki nje ya kitenge, likatulia tuli.

Neno "kusimulia" mimi hulitumia kama kazi ya mdomo tu; kumbe kwa bibi lilihitaji na giza. Siku hizi za amri ya kutotembea usiku, giza la Kigali linatutisha. Bibi huyu alitutengenezea giza jingine, tukae humo salama.

Goti lilikwisha kushonwa, fisi bado yuko ukweni. Muuguzi akaniita. Nikamnong'oneza:

"Subiri kidogo. Bado ni usiku."