Pale Ukutani, Chini Iko Laini

Juzi nilikuwa Kisenyi, hapa Kampala, nikitafuta betri ya gari, muuzaji mmoja akavuta kamba ya mashine ndogo ya kulimia ili mteja wake aisikie. Ikakohoa, ikanguruma. Watu wakaendelea na mambo yao. Mimi, rafiki yangu, niliondoka bila betri.

Mashine kama ile ilitoka Kisenyi hiyohiyo, mjomba akaileta kwa bodaboda nilipokuwa darasa la tano. Tulipanga nyumba chini ya kilima cha Naguru, na nyuma yake palikuwa na bustani ya bibi: mchicha, ambao yeye aliuita lengalenga, vitunguu, biringanya. Bibi alikuja kutoka Bukavu akiamini jembe tu. Mashine aliiita nguruwe, kwa vile ilichimbua udongo kwa pua. Lakini siku ya kwanza, alipoona tuta zima limegeuzwa kabla chai haijapoa, alicheka mpaka akashika kiuno. Asubuhi zile zilinukia petroli, udongo mbichi na maharage yaliyoinjikwa tangu alfajiri. Kazi yangu ilikuwa kuokota mawe mbele ya nguruwe, na nilijiona mtu mkubwa sana.

Shida ilikuwa ardhi yenyewe. Ilikuwa ngumu, imejaa kokoto, na mashine yetu iliruka juu yake na kuzimika kila mara. Mjomba, mtoto wa kiume pekee aliyembakia bibi, alitoka jasho akiisukuma. Bibi hakupenda kumwona akihangaika. Akawa anatafuta kwa macho mahali pa nafuu.

Nyuma ya bustani palikuwa na banda la kuku la jirani, mzee aliyestaafu upolisi. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, amri nyingi na sarufi kidogo, na kinywani mwake r na l zilibadilishana viti zipendavyo. Tulimpenda. Ijumaa moja jioni alisimama kwenye uzio akamwambia bibi: "Mama, pale kalibu na ukuta, chini iko laini. Muangalie sana."

Bibi alimshukuru, kisha akamwendea mjomba uso umemng'aa. "Mzee anasema kule ku ukuta, udongo njo laini. Anasema twende tuangalie."

Unaona? Kwa mzee wa Kampala, laini ni waya wa umeme, na muangalie ni mjihadhari. Kwa bibi, njo ni ndiyo, laini ni kitu kisicho kigumu, na kuangalia ni kuangalia tu. Mzee alikuwa amefukia waya wa taa ya vifaranga wake, tena hakuchimba sana. Bibi alizoea kutuonya kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Habari ya kujikwaa sikio hakuna aliyetuonya.

Usiku mvua ilinyesha. Asubuhi mjomba alivua viatu, akaisukuma mashine hadi ukutani. Na udongo ulikuwa laini kweli, kwa kuwa mzee aliufukua alipozika waya wake. Mashine ilizama bila kuruka hata mara moja. Bibi akapiga makofi. "Huku hakuna mawe," mjomba akaniambia, "nenda ukanywe chai."

Kikombe kilikuwa mkononi mwangu mngurumo ulipokatika. Taa ya bandani ikazimika, vifaranga wakaanza kulia. Nilitoka mbio, nikamkuta mzee ameshavuka uzio, mikono kichwani. "Mama, si nilikwambia iko laini! Si nilikwambia!"

Bibi alikuwa amekaa kwenye matope, amepakata kichwa cha mjomba. Akamjibu kwa upole, kama mtu asiyetaka kumkosea mgeni: "Njo laini, baba. Tumeona. Njo laini."

Mjomba hakuamka. Mzee aliacha kufuga kuku. Tulijaribu kumchukia, tukashindwa, na hilo lenyewe liliniuma. Leo pale pana ghorofa, na palipokuwa na lengalenga magari yanaegeshwa juu ya saruji. Hakuna anayelima chochote.

Nyumbani kwetu neno lile lilikufa siku ileile. Mkate mpya tunasema haujakauka. Mwaka jana nilijifungua, bibi akaletewa mtoto mapajani. Alimpapasa nywele taratibu, midomo ikacheza. Kisha akaniangalia, akasema: "Hazina ugumu."