Makapi ya Mbarika

Hapa Kamachumu mtoto akizaliwa, bibi zake hutuma chupa tupu kwa Serafina, awajazie mafuta ya kumpaka. Mafuta yake ya mbarika hayana mpinzani, na mwenyewe anajua, tena anajua kupita kiasi. Anakaanga mbegu, anatwanga, anachemsha, anaengua mafuta yanayoelea, huku akitusimanga sisi wanunuzi wa ya dukani. Anayekwenda kujifunza huambiwa jambo moja kwanza: "Mbegu mbichi ni sumu. Makapi ya kupepeta fukia, usitupe."

Mganga hajigangi. Mwezi Machi aliyatupa yeye. Kengele ya misa ilikuwa imelia na yeye ndiye msomaji wa somo la kwanza, basi akamwaga maganda na mbegu mbovu mpakani mwa kibanja, shamba lake la nyumbani, chini ya migomba. Alipanga kufukia akirudi. Akasahau.

Mbuzi wa Dativa, jirani yake, alikata kamba. Siku ya pili akafa, akiharisha damu. Serafina alikwenda mpakani, akakuta makapi yametawanyika na alama za kwato. Alifagia, akafukia, akanyamaza.

Dativa alimshutumu Yuster, mjane wa nyumba ya tatu. Wiki moja kabla, Yuster alikuwa amemfukuza mbuzi huyo kwenye maharage yake na kuapa, "Akirudi namuua." Maneno hayo yalitosha. Kwenye sala za jumuiya za kila Jumamosi watu walisogeza viti mbali naye. Na aliyekuwa akiongoza rozari ni nani? Serafina! Aibu ilimla mpaka chakula kikamshinda. Alijua wazi kwamba analinda jina lake tu, jina la fundi wa mafuta.

Kisha binti wa Yuster akajifungua. Chupa haikuja. Serafina alisubiri siku nne, halafu akayabeba mafuta mwenyewe.

"Yuster waitu, ndugu yangu, mbuzi aliuawa na makapi yangu. Sikufukia."

Yuster aliendelea kumfunika mjukuu.

"Nilijua. Niliyaona maganda mdomoni mwake. Ningesema mimi, nani angeniamini? Nikamwambia binti yangu, tungoje, Serafina ni mtu wa Mungu, jumuiya ijayo atasema." Akanyoosha vidole vitatu. "Jumuiya tatu, mwenzangu."

Serafina alilia, akamnyooshea chupa. Yuster hakuipokea.

"Jumamosi kaseme palepale, mbele ya walewale. Ukitoka huko, ndipo uje umpake mjukuu wangu."